Moshi na mapafu: Kwa nini watafiti huchelewa kutoa jibu

KILA msimu wa baridi unapoingia jijini Nairobi, viti vya zahanati yangu hujaa akina mama wenye watoto wanaokohoa. Mmoja wao, mkazi wa Mukuru, alinijia mara tatu katika muda wa wiki saba akiwa amembeba mwanawe wa miaka miwili. Mara ya tatu hakuniuliza habari za dawa. Alisema hivi:

"Daktari, jirani zangu wanasema ni jiko langu la makaa linalomuumiza mtoto. Mwenye nyumba anasema ni vumbi la barabarani. Baba yake anasema ni takataka zinazochomwa nyuma ya ploti. Wewe ndiwe uliyesoma. Ni kipi hasa? Na nikinunua gesi, kikohozi kitaisha?"

Swali hilo halikuwa la kupitisha wakati. Mama huyu hufua nguo za watu, na pesa za kununua mtungi, kichomeo na mpira wake zingetoka kwenye kodi ya nyumba. Nilimjibu kwa kadiri ya ujuzi wangu, lakini nakiri kuwa swali lake la mwisho lilinitoa jasho.

Wengi wetu hudhani kwamba jambo kama hili lilikwisha kuamuliwa zamani. Moshi ni mbaya kwa mapafu. Kuna nini tena cha kuchunguza? Ukweli ni kwamba madhara ya moshi kwa jumla yanajulikana vizuri. Kinachosumbua ni kujua moshi upi, kwa kiasi gani, kwa mtu yupi, na ni hatua gani itakayomwokoa. Ili kupata jibu la namna hiyo ni lazima watu wa fani nyingi na nchi nyingi washirikiane, na ushirikiano huo, msomaji mpenzi, ni mgumu kuliko unavyodhaniwa. Leo nitaeleza ugumu huo uko wapi na kwa nini unakuhusu wewe uliye nyumbani.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Tuanze na moshi wenyewe. Ndani yake mna gesi mbalimbali pamoja na chembechembe ndogo mno. Zile zinazoogopwa zaidi huitwa PM2.5, maana yake kipenyo chake hakizidi mikromita 2.5. Ukichukua unywele mmoja wa kichwani, unene wake ni kama mara 30 ya chembe hiyo. Kwa sababu ya udogo huo, chembe hizi hupita puani na kooni bila kuzuiliwa, zikafika kwenye vifuko vya ndani kabisa vya mapafu, na nyingine huingia katika damu.

Mnamo 2021, Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango linachopendekeza hadi mikrogramu 5 za chembe hizi kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa, ikiwa ni wastani wa mwaka mzima. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa 10. Shirika hilo linakadiria kwamba hewa chafu ya nje na ya majumbani huchangia vifo vya watu milioni 6.7 kila mwaka duniani.

Sasa, daktari kama mimi anaweza kusikiliza kifua, lakini hawezi kupima hewa. Mhandisi anaweza kupima hewa, lakini hajui nimonia. Mtaalamu wa takwimu anaweza kulinganisha mambo hayo mawili, lakini hajui mama hupika saa ngapi wala mtoto hulala wapi. Anayejua hayo ni mama mwenyewe na mhudumu wa afya wa mtaa. Aidha, mashine nzuri na pesa za kuendesha kazi hutoka mara nyingi katika vyuo vikuu na mashirika ya ng'ambo. Kwa hiyo hakuna budi kushirikiana. Shida huanza pale watu hawa wote wanapoketi katika meza moja.

Shida ya kwanza: Kupima hewa ya nani?

Ukiweka mtambo wa kupimia juu ya paa la ofisi mjini, utapata hewa ya paa hilo. Hutapata hewa anayoivuta mama aliyeinama juu ya jiko akipuliza makaa. Jambo hili lilidhihirishwa hapa hapa Kenya. Katika miaka ya 1990 watafiti Majid Ezzati na Daniel Kammen walifanya kazi katika nyumba 55 huko Mpala, Laikipia, zenye wakazi 345. Kwa zaidi ya siku 200 moshi ulipimwa ndani ya nyumba hizo, huku wakazi wakitembelewa na kuchunguzwa kikohozi na magonjwa mengine ya njia ya hewa kwa muda wa miaka miwili hivi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001 katika jarida la Lancet.

Waligundua mambo mawili ya maana sana. Kwanza, mtu akipima wastani wa moshi wa chumba peke yake, atapunja kiasi wanachovuta wanawake, kwa kuwa wao ndio walio karibu na moto pale moshi unapokuwa mzito zaidi, wakati wa kuwasha na wa kuchochea. Pili, ugonjwa uliongezeka kadiri moshi ulivyoongezeka, lakini si kwa mwendo mmoja. Uliongezeka kwa kasi katika viwango vya chini, halafu moshi ulipokuwa mwingi mno, kasi hiyo ikapungua.

Maana yake ni nini kwa mtu wa kawaida? Chukua mfano wa mtu aliyenyeshewa na mvua kubwa. Ukimpa mwavuli wenye matundu, mvua inayomfikia itapungua nusu, lakini bado atalowa chapachapa. Vivyo hivyo, kupunguza moshi mwingi sana ukabaki mwingi tu hakuleti nafuu kubwa. Nafuu kubwa huja hewa inapokaribia kuwa safi. Kumbuka jambo hili, maana tutalirudia.

Utafiti wa namna ile unahitaji mtu wa kukaa na wananchi miezi nenda miezi rudi. Wafadhili wengi hutoa pesa za miaka michache na hutaka majibu kabla ya muda huo kwisha. Pumu na mapafu yaliyochakaa havifuati kalenda ya mfadhili.

Shida ya pili: Neno "kifua"

Mgonjwa akiniambia, "Daktari, nina kifua," najua kwamba kazi ndiyo imeanza. Kwa mmoja, kifua ni mafua yaliyoshuka. Kwa mwingine ni kifua kikuu, ila anaogopa kukitaja. Kwa wa tatu ni pumu, na kwa wa nne ni kichomi, yaani nimonia. Mimi nina nafasi ya kumuuliza tena na kumpima. Lakini mtafiti mwenye fomu ya maswali 40, iliyotungwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa kwa haraka, ataandika tu "ndiyo" au "la".

Mfano ulio maarufu ni ule wa mlio wa pumu. Waingereza wana neno moja la sauti nyembamba inayotoka kifuani mtu anapopumua kwa shida. Sisi tunasema kifua kinalia, au kinapiga filimbi, au kina paka ndani yake. Wengine huuchanganya mlio huo na kukoroma, au na pua iliyoziba. Uchunguzi mkubwa wa kimataifa kuhusu pumu na mizio ya watoto uitwao ISAAC, ulioanza mwaka 1991 na kuhusisha pia Nairobi na Eldoret, uliliona tatizo hili mapema. Watafiti wake walitengeneza filamu fupi ya video ikiwaonyesha watu wanaopumua kwa shida, kisha wakawauliza vijana: je, wewe umewahi kupumua hivi? Hapo hakukuhitajiwa tafsiri.

Bila tahadhari kama hiyo, unaweza kulinganisha Nairobi na Liverpool ukadhani watoto wa mji mmoja wana pumu zaidi, kumbe tofauti iko katika maneno.

Shida ya tatu: Mapafu ya nani ndiyo kipimo?

Nguvu ya mapafu hupimwa kwa chombo kiitwacho spirometa. Mgonjwa huvuta pumzi ndefu na kuipuliza kwa nguvu zake zote ndani ya mrija. Nambari inayopatikana hulinganishwa na ile inayotarajiwa kwa mtu mzima wa afya mwenye umri, kimo na jinsia kama yake.

Lakini huyo mtu wa kulinganishwa naye ni nani? Mwaka 2012 wataalamu wa kimataifa walitoa vipimo vilivyotokana na watu wapatao 74,000 wa nchi 26. Ilikuwa kazi kubwa ya kusifiwa, ila Afrika kusini mwa Sahara haikuwakilishwa ipasavyo. Kundi la watu weusi katika vipimo hivyo lilitegemea Wamarekani weusi. Na vipimo hivyo vilichukulia kwamba mapafu ya mtu mweusi kwa kawaida ni madogo kuliko ya mzungu.

Sasa fikiria hatari yake. Mtoto wa mtaa wa mabanda aliyevuta moshi tangu tumboni mwa mamaye anaweza kuambiwa mapafu yake ni sawa kabisa "kwa mtu mweusi", ilhali yamedumaa kwa moshi na lishe duni. Ndiyo sababu vipimo vipya visivyotenganisha watu kwa rangi vilitolewa mwaka 2022, na chama cha wataalamu wa kifua cha Marekani kikapendekeza vitumiwe. Hata hivyo, dawa ya kweli ni kuwapima Waafrika wengi wenye afya katika nchi zao wenyewe. Hilo haliwezekani bila watafiti wetu kuwa viongozi wa kazi hiyo.

Hapa Nairobi kulifanyika utafiti uitwao Tupumue, uliowahusisha Wakenya na Waingereza, wakilinganisha mapafu ya watoto wa Mukuru na wa jirani zao wa Buruburu. Mitaa hii hutenganishwa na mwendo mfupi tu, lakini maisha yake ni tofauti. Hata kabla ya hapo, mwaka 2018, kulikuwa na mradi mwingine pale Mukuru ambapo wasanii na wakazi walizungumza juu ya hewa chafu kwa nyimbo, michezo ya kuigiza na michoro ya ukutani. Huenda mtu akauliza, nyimbo zina uhusiano gani na sayansi? Zina uhusiano mkubwa. Mzazi asiyeelewa mrija ule wa kupuliza ni wa nini hatamruhusu mwanawe aupulize, naye ana haki ya kukataa.

Shida ya nne: Majibu yasiyotarajiwa

Sasa nafika kwenye swali la yule mama. Je, ukibadilisha jiko, nimonia itapungua?

Nchini Guatemala, katika nyanda za juu za San Marcos, Profesa Kirk Smith wa Chuo Kikuu cha California na wenzake wa Guatemala, Uingereza na Norway walijaribu kulijibu. Nyumba 534 ziligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu zilijengewa jiko lenye dohani ya kutoa moshi nje, na nusu zikaendelea na moto wa mafiga. Watoto walitembelewa kila wiki, na madaktari waliowapima hawakujua nani ametoka nyumba ipi. Kazi ya nyanjani ilimalizika mwaka 2004, lakini ripoti kuu haikuchapishwa hadi 2011. Ilionyesha kuwa nimonia kwa jumla ilipungua kidogo tu, kiasi kwamba isingewezekana kusema kwa hakika si bahati. Lakini nimonia kali, ile ya kumfanya mtoto akose oksijeni, ilipungua kwa karibu theluthi moja.

Kisha wakaja watafiti wa Malawi na Uingereza. Katika vijiji 150 vya Chikwawa na Karonga, waliwafuatilia watoto 10,750. Nusu ya vijiji vilipewa majiko ya kisasa yenye feni inayoendeshwa kwa nishati ya jua. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa 2016: hapakuwa na tofauti yoyote ya nimonia kati ya makundi hayo mawili. Majiko yaliharibika na kuhitaji kutengenezwa, na watu waliendelea kuvuta moshi wa takataka zilizochomwa, wa tumbaku na wa moto wa jirani. Ule mwavuli wenye matundu tuliousema!

Basi watafiti wakasema, tuache kuni kabisa, tutoe gesi. Katika uchunguzi uitwao HAPIN, wajawazito 3,200 wa Guatemala, India, Peru na Rwanda walishirikishwa. Nusu walipewa jiko la gesi pamoja na gesi ya bure kwa miezi 18. Moshi waliouvuta ulipungua kwa karibu theluthi mbili. Hata hivyo, ripoti za 2022 na 2024 zilisema uzito wa watoto waliozaliwa haukutofautiana vya kutosha, wala nimonia kali ya watoto wachanga haikupungua.

Je, tuseme moshi hauna neno? Hasha! Huo ungekuwa upotofu. Yamkini gesi ilifika mimba ikiwa imekwisha kukua kwa wiki nyingi. Yamkini mama ameumizwa na moshi tangu utoto wake, na miezi 18 haitoshi kufuta ya miaka 25. Tena watoto wengi siku hizi wamechanjwa dhidi ya vijidudu vikuu vya nimonia, kwa hiyo hali si ile ya zamani. Funzo lililopo ni kwamba jiko jipya ndani ya nyumba moja, katika mtaa wenye moshi kila upande, haliwezi kufanya kazi peke yake.

Hapa pia pana somo kuhusu ushirikiano wenyewe. Watafiti hawa walichapisha majibu ambayo hayakumpendeza mtu, si wao, si wafadhili, si wauza majiko. Utafiti wa kweli ni ule ulio tayari kusema, "Tulidhani hivi, tumekuta sivyo."

Shida ya tano: Nani ashike takwimu?

Kisa mashuhuri zaidi kuhusu jambo hili ni cha Marekani. Tangu miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwafuatilia watu wazima 8,111 katika miji sita. Mwaka 1993 walitangaza kuwa katika mji wenye hewa chafu kuliko yote, Steubenville, hatari ya kufa ilikuwa zaidi kwa asilimia 26 kuliko katika mji wenye hewa safi kuliko yote, Portage. Serikali ilipotaka kukaza sheria, wenye viwanda walipinga na kudai wapewe takwimu zote. Watafiti wakasema waliwaahidi wananchi kutunza siri zao.

Mwafaka ulipatikanaje? Takwimu zilikabidhiwa Taasisi ya Athari za Kiafya, iliyoundwa mwaka 1980 na kugharamiwa kwa pamoja na serikali na watengenezaji wa magari. Wataalamu wengine wakazichambua upya tangu mwanzo, na mwaka 2000 wakatangaza kuwa matokeo ya awali yalikuwa sahihi. Siri za watu zilitunzwa, na waliotilia shaka wakajibiwa.

Kwetu sisi mambo huenda kwa njia nyingine. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kusaidia katika mradi mmoja ambao sitautaja. Kazi yangu ilikuwa kujaza fomu za wagonjwa wenye kikohozi cha muda mrefu. Waliletwa vijana hodari na mashine zinazong'aa. Vichujio vyenye masizi ya nyumba za wagonjwa wangu vilifungwa vizuri na kupelekwa ng'ambo kupimwa. Baada ya miezi mingi mashine zikafungwa pia, zikaondoka. Mpaka leo sijaona karatasi hata moja ya majibu. Mzee mmoja aliyekubali kuvaa kile kipimo mkanda wa begani kwa siku mbili bado huniuliza kila akija kupimwa presha: "Ile mashine ilisema nini, Daktari?" Huwa sina la kumwambia. Na siku mradi mwingine ulipokuja mtaani, alikuwa wa kwanza kuwaambia majirani wasifungue mlango.

Hapo ndipo hasara kubwa ilipo. Mtafiti mmoja akivunja ahadi, watafiti kumi wanaomfuata watalipa deni lake, na mwishowe anayeumia ni mtoto ambaye ugonjwa wake haukuchunguzwa.

Pia kuna hatari ya kutegemea chombo cha mwenzako. Kwa miaka mingi balozi za Marekani katika miji kama Kampala na Addis Ababa zilipima hewa na kutangaza takwimu kwa kila mtu. Mnamo Machi 2025 serikali ya nchi hiyo iliacha kuzitangaza. Wataalamu waliozitegemea kusahihishia mitambo yao midogo ya bei nafuu waliachwa njia panda. Kwa bahati njema, Chuo Kikuu cha Makerere kina mradi wake uitwao AirQo, ulioanza mwaka 2015, ambao hutengeneza vipimahewa hapo hapo Uganda. Mwenye kisima chake haogopi mfereji wa jirani kukauka.

Ukibishiwa hodi na mtafiti

Kwa kuwa wasomaji wengi wa ukurasa huu huishi mijini, huenda siku moja ukabishiwa hodi na kijana mwenye kitambulisho shingoni akitaka kukuuliza habari za kikohozi. Usimfukuze, lakini usikubali kama kipofu. Muulize haya:

Kwanza, nani amewaruhusu? Utafiti wa afya hapa Kenya huhitaji idhini ya kamati ya maadili na kibali cha NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi na teknolojia. Ana haja ya kukuonyesha barua.

Pili, mtachukua nini kwangu, na kitawekwa wapi? Kama ni damu, makohozi au habari za mtoto wako, sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kujua, na habari za mtoto hazichukuliwi bila ridhaa ya mzazi au mlezi.

Tatu, mkigundua mwanangu ni mgonjwa, nani atamtibu?

Nne, nikibadili nia naweza kujitoa? Jibu lazima liwe ndiyo, bila kupoteza huduma yoyote.

Tano, matokeo yatarudi kwetu lini, na kwa lugha gani? Akishindwa kulijibu hili, mwambie akaulize wakubwa wake kisha arudi.

La kufanya kwa sasa

Wakati wataalamu wanaendelea, tusikae mikono kifuani. Ukiweza kupika kwa gesi au stima, fanya hivyo. Usipoweza, washa jiko nje mpaka makaa yashike vizuri, fungua mlango na madirisha unapopika, na usimbebe mtoto mgongoni ukiwa juu ya moto. Usichome plastiki wala takataka karibu na nyumba. Asivute mtu sigara ndani. Na kamwe usilale na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi yake haina harufu na huua kimya kimya.

Mpeleke mtoto akachanjwe. Chanjo ya kuzuia nimonia hutolewa Kenya tangu 2011. Mnyonyeshe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza.

Jua pia dalili za hatari. Hesabu pumzi za mtoto kwa dakika moja kamili akiwa ametulia. Akiwa na umri wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni hatari. Akiwa na mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi ni hatari. Kadhalika ukiona mbavu za chini zikiingia ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya au kunywa, usingoje kesho. Mpeleke hospitalini mara moja.

Na yule mama wa Mukuru? Nilimwambia kuwa gesi itapunguza moshi anaouvuta yeye na mtoto, lakini sikumwahidi kuwa kikohozi kitaisha, kwa sababu moshi wa nyuma ya ploti ungebaki pale pale. Nilimpima mtoto nikakuta dalili za pumu, nikamwanzishia dawa ya kuvuta. Nilimshauri aanze kwa kupika nje, na azungumze na wenzake wa ploti kuhusu takataka. Mwezi uliofuata alirudi na majirani wawili, nao wana watoto wao. Hawakuwa na gesi bado, lakini takataka zilikuwa zimehamishwa.

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Watafiti wa mbali na wa karibu tunawakaribisha, na mashine zao pia. Ila tunawaomba wakumbuke sehemu ya pili ya methali hiyo.